RSVP kwenye kadi ya mwaliko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanakamati wa harusi, wapokeaji wa kadi na waandaaji wa hafla za kiofisi huuliza tena na tena kuhusu herufi nne zinazokaa pembeni mwa kadi. Tumeanza na maana, tukafuata na wanaoalikwa, kisha wanaoalika, na mwisho mambo yasiyo ya kila siku. Jibu linalohusu maswali mawili limeandikwa mara moja tu, na pengine utaelekezwa lilipo.

## Maana na asili yake

RSVP ni kifupi cha nini?

Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa *répondez s'il vous plaît*, ambayo hutamkwa karibu na "repondee sil vu plee". *Répondez* ni "jibu", kwa namna ya kumsemesha mtu kwa heshima au watu wengi kwa pamoja. *S'il vous plaît* ni "tafadhali", na ukiyafumua neno moja moja yanasema "ikiwa inakupendeza". Kwa Kiswahili, basi, RSVP ni "tafadhali jibu".

Jibu linaloombwa ni dogo: unakuja au huji, na kama kadi inaruhusu zaidi ya mtu mmoja, mnakuja wangapi.

Chini ya RSVP kuna majina na namba za simu. Hao ndio RSVP?

Hapana, ingawa ni rahisi kuona ni kwa nini wengi wanadhani hivyo. Kadi zetu nyingi huandika "R.S.V.P" kwa herufi nzito, kisha zikaorodhesha majina mawili matatu na namba zao, kwa hiyo jicho linasoma RSVP kama cheo, mithili ya "Mwenyekiti" au "Katibu". Matokeo yake namba hizo hupigiwa siku ya shughuli na watu waliopotea njia wakiulizia ukumbi, au na wanaotaka kujua mchango unatumwa wapi.

Waliotajwa hapo ni wapokeaji wa majibu. Kila mmoja ana orodha ya walioalikwa na anasubiri kuweka alama mbele ya jina lako. Ukimpigia kuulizia njia hatakufukuza, lakini alikuwa akitarajia simu yako wiki mbili kabla.

Inatamkwaje?

Herufi moja moja kwa Kiingereza: "aa-es-vii-pii". Ndivyo inavyosemwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Anayezungumza Kifaransa atasema "er-es-ve-pe". Hakuna anayetarajia useme maneno yote manne ya Kifaransa.

Kwa nini Waingereza watumie Kifaransa kuomba jibu?

Kiingereza kina deni kubwa kwa Kifaransa. Baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, watawala, mahakimu na makasisi wakubwa walizungumza Kifaransa kwa vizazi kadhaa, na maneno mengi ya sheria, ya mapishi na ya utawala yakaingia kwenye Kiingereza kwa mlango huo.

RSVP yenyewe ilikuja baadaye sana. Katika karne ya 17 na ya 18 Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya majumba ya kifalme Ulaya. Louis wa 14, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa kuanzia 1643 hadi 1715, alifanya kasri lake la Versailles kuwa mahali ambapo adabu za kukaa, kusalimia na kualikana zilitungwa na kuigwa na wakubwa wa nchi nyingine. Mabalozi nao waliandikiana kwa Kifaransa: Mkataba wa Rastatt wa 1714 uliandikwa kwa lugha hiyo, na ni mwaka 1919 tu, kwenye Mkataba wa Versailles, Kiingereza kilipopewa hadhi sawa na Kifaransa katika mkataba mkubwa wa namna hiyo. Familia tajiri za Uingereza zilipoanza desturi ya kualikana kwa kadi, kumwomba mgeni jibu kwa Kifaransa kulionekana ni kwa adabu zaidi kuliko kumwambia kwa Kiingereza kitupu. Kifupi hicho kikaenea katika karne ya 19, kikabaki.

Afrika Mashariki tumekipata kwa mkono wa Kiingereza, pamoja na taratibu za hafla za kiserikali na kadi za harusi za kuchapwa.

Wafaransa wenyewe wanaiandika?

Wanaielewa, lakini kwenye kadi zao za siku hizi utakuta zaidi *Réponse souhaitée avant le…*, yaani "tunaomba jibu kabla ya tarehe…". Ukialikwa Bujumbura au Lubumbashi kwa kadi ya Kifaransa, unaweza kukuta ama sentensi hiyo ama herufi nne. Maana haibadiliki.

Kuandika "Tafadhali RSVP" ni kosa?

Ukihesabu maneno, umesema "tafadhali jibu tafadhali", kwa sababu heshima imeshakuwemo ndani ya SVP. Hata hivyo wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe huandika hivyo kila siku, na hakuna mgeni atakayekwazika kwa kuombwa mara mbili. Kwenye ujumbe wa simu acha tu. Kwenye kadi ya kuchapwa, ambapo kila neno linalala miaka kwenye albamu, andika RSVP peke yake.

Na nukta zake? Herufi kubwa au ndogo?

RSVP na R.S.V.P. zote ni sahihi. Kinachochukiza macho ni "R.S.V.P" isiyo na nukta ya mwisho, ambayo imejaa kwenye kadi zetu. Ama weka nukta zote nne, ama usiweke hata moja.

Naweza kuitumia kama kitenzi?

Kwa Kiingereza, ndiyo: mtu hu-RSVP, na jibu lenyewe pia huitwa RSVP. Kwa Kiswahili cha mazungumzo utasikia "umesha-RSVP?" hasa maofisini. Kwa mazungumzo inafaa. Kwa maandishi tuna "kujibu mwaliko" na "kuthibitisha kufika", na yote mawili yanaeleweka hata kwa bibi ambaye hakuwahi kukaa darasa la Kiingereza.

## Ukiwa umealikwa

Kama siendi, nijibu pia?

Ndiyo, na jibu lako ndilo linalosubiriwa zaidi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote tunayoyaona: watu wanaokuja hujibu, wasiokuja hunyamaza wakiamini kuwa ukimya wao unatosha.

Tazama linavyokuwa upande wa pili. Kamati imekodi ukumbi wa watu 300. Imetoa kadi 200 za single na 50 za double, jumla watu 300. Siku kumi kabla, waliojibu ni 180. Mpishi anapiga simu: "Nipeni idadi ya sahani." Bei yake ni kwa sahani, na ameshasema wazi kuwa ukiagiza 300 utalipa 300, wale au wasile. Mpambaji naye anataka kujua meza za watu kumi ziwe ngapi. Kamati inabaki na watu 120 ambao hakuna ajuaye kama wapo au hawapo. Ikiwahesabu wote na wakaja 40, familia imelipia sahani 80 zitakazorudi jikoni. Ikiwakata na wakaja, kuna wazee watakaosimama ukumbini wakitafutiwa viti.

Neno "sitafika" linampunguzia mwenye shughuli sahani moja na kiti kimoja, na mara nyingi linafungua nafasi kwa jirani au mfanyakazi mwenzake aliyekuwa ameachwa nje kwa sababu ukumbi haumtoshi.

Kusema "siji" si ni kumdharau aliyenialika?

Hofu hii ni ya kweli na haitokani na ujinga. Tumelelewa kuona mwaliko kama heshima ambayo haikataliwi usoni. Ndiyo maana mtu anaona bora aseme "tutaonana hukohuko" huku akijua yuko safarini.

Lakini kwetu pia kuna desturi kongwe ya kutoa udhuru. Mtu aliyeshindwa kufika kwenye shughuli ya ndugu yake hutuma mjumbe, au hupita siku nyingine kupongeza. RSVP inaomba udhuru huohuo, ila mapema. Anayesema mapema amemheshimu mwenye shughuli kuliko anayeahidi asitokee.

Kinachobeba uzito ni jinsi unavyolisema. Anza kwa salamu na shukrani, sema wazi kwamba hutafika, na kama unaweza ongeza utakalofanya badala yake. Sababu ndefu hazihitajiki. Kwa mfano, kwa baba mkubwa:

"Shikamoo baba mkubwa. Kadi ya harusi ya Neema imenifikia na nimefurahi sana. Kwa masikitiko, tarehe hiyo nitakuwa safarini kikazi na sitaweza kufika. Naomba nafasi yangu apewe mwingine. Nikirudi nitapita nyumbani kuwapongeza maharusi."

Nimeshatoa mchango. Hiyo si inatosha kuwa jibu?

Haitoshi, na hapa Tanzania ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa kabisa. Kwa utaratibu wetu kadi ya mchango hutangulia, unaahidi na kulipa, kisha kadi ya mwaliko inafuata, ya single au ya double kulingana na ulichotoa. Kwa hiyo mtu anafikiri: nimelipa, wameniletea kadi, kilichobaki ni kuvaa.

Mweka hazina anajua umelipa. Hajui kama utakuja. Wapo wengi wanaochangia kwa moyo mweupe wakijua toka siku ya kwanza kuwa hawatakuwepo: yuko mkoani, yuko zamu, yuko Muscat au Toronto. Daftari la michango na orodha ya wageni ni vitu viwili, na mara nyingi vinashikwa na watu wawili tofauti ambao hawakai nyumba moja.

Kinyume chake pia ni kweli: kusema hutafika hakufuti ahadi ya mchango uliyoitoa.

Nijibu lini?

Kadi ikitaja tarehe, jibu kabla ya hiyo tarehe. Isipotaja, jibu ndani ya siku chache baada ya kuipokea, wakati bado iko mezani. Kadi iliyokwisha kuingia droo hujibiwa mara chache sana.

"Inshallah" au "Mungu akipenda" ni jibu?

Ni jibu likitanguliwa na idadi. "Tutafika wawili, inshallah" linaandikika kwenye orodha: wawili. "Inshallah" peke yake haliandikiki, kwa sababu kwa mazungumzo yetu linabeba mambo mengi, kuanzia nia thabiti kabisa hadi kukataa kwa upole. Anayepokea simu hawezi kukuuliza "unamaanisha ipi?" bila kuonekana anahoji imani yako. Msaidie: taja idadi kwanza, kisha umtegemee Mungu.

Kama kweli hujui, sema hujui na utaje siku utakayojua: "Nasubiri ruhusa kazini, nitakujulisha Jumatano." Kisha Jumatano umjulishe.

Kuna namba tatu. Nipige zote?

Moja inatosha. Ukipiga zote tatu unaweza kuhesabiwa mara tatu, na hilo limeshatokea kwenye kamati nyingi. Chagua unayemfahamu, kama humfahamu yeyote, anza na wa kwanza.

Nipige simu au nitume ujumbe?

Ujumbe ni bora kwa sababu unabaki. Mpokeaji anaweza kuwa kwenye daladala au kwenye kikao, na jibu la mdomo husahaulika kabla halijafika daftarini. Kama mwenye shughuli ni mzee wako wa karibu, mpigie yeye kwa heshima, halafu tuma ujumbe kwa namba ya RSVP kwa ajili ya hesabu.

Kwa mwanakamati usiyemjua, kinachohitajika ni jina kama lilivyo kwenye kadi, namba ya kadi kama ipo, na idadi: "Habari za kazi. Naitwa Bi. Asha Mrisho, kadi namba 214, double. Tutafika wawili. Asante." Mpokeaji anaandika jina lako papo hapo bila kulazimika kukuuliza swali la pili. Kuweka alama ya dole gumba chini ya picha ya kadi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili si jibu. Hakuna anayehesabu hizo.

Kadi ni double lakini mwenzangu hayupo. Nimchukue mtu mwingine?

Kwa kadi za mchango wa double, kwa kawaida nafasi mbili ni zako na unaweza kuja na ndugu au rafiki, lakini mjulishe mpokeaji wa majibu ili jina libadilishwe, hasa kama mlangoni watu wanakaguliwa kwa orodha au kwa msimbo wa QR. Kwa kadi iliyoandikwa majina ya watu wawili, kama "Dkt. na Bi. Fulani", walioalikwa ni hao wawili; kuja na mwingine kunahitaji kuuliza kwanza. Hafla ya kiserikali au ya ubalozi usijaribu kabisa.

Na watoto?

Kama kadi haijawataja, hawamo. Ukiwa na mtoto anayenyonya, uliza; karibu kila mara utaambiwa njoo naye.

Nilisema nakuja, sasa kumetokea msiba.

Toa taarifa kwa mstari mmoja, wakati wowote, hata asubuhi ya shughuli. Hakuna atakayekulaumu kwa msiba au ugonjwa. Usimtafute bibi harusi wala mama yake siku hiyo. Tuma kwa namba ya RSVP. Kwa sababu nyepesi zaidi ya hizo, ahadi ni ahadi.

Tarehe ya kujibu imepita, au kadi imenifikia jana.

Kama kadi ilichelewa kwako, jibu leo na useme imekufikia jana. Kosa si lako, na kwa jinsi kadi zinavyozungushwa kwa mkono mjini jambo hili ni la kawaida. Kama ni wewe uliyechelewa, usiulize "bado naweza kuja?" ukitarajia ndiyo. Uliza kama nafasi bado ipo, na ukubali jibu lolote.

Kadi imeandikwa "Regrets only". Maana yake?

Jibu kama huji tu. Ukinyamaza, umehesabiwa kuwa unakuja, sahani yako imeagizwa na kiti kimewekwa. Ni kinyume cha mazoea ya wengi wetu ya kunyamaza pale tusipokuja, kwa hiyo soma kwa makini. Kwa Kiswahili unaweza kukuta "Tujulishe endapo hutafika".

Kadi haina RSVP wala namba. Nijibu?

Si lazima. Neno la shukrani kwa aliyekuletea linatosha.

## Ukiwa mwenye shughuli

Niandike RSVP au niandike Kiswahili?

Kama kadi yote ni ya Kiingereza, RSVP inakaa vizuri. Kama kadi ni ya Kiswahili, kuanzia "Familia ya Bw. na Bi. … inayo furaha kukualika" hadi "Karibu tufurahi pamoja", ushauri wetu ni kuandika Kiswahili mpaka mwisho: "Tafadhali thibitisha kufika kwako kabla ya tarehe 3 Oktoba", kisha majina na namba. Sentensi hiyo inasema cha kufanya na mwisho wake. RSVP haisemi lolote kwa asiyeijua, na ukweli ni kwamba wengi tunaowaalika hawaijui. Wakati mwingine tunalalamika kuwa wageni hawajibu ilhali tumewaomba kwa lugha ambayo hawajawahi kufundishwa.

Wapo wanaoona kadi bila herufi hizo inakosa hadhi. Unaweza kuweka vyote: RSVP juu, sentensi ya Kiswahili chini yake.

Tarehe ya mwisho iwe ipi?

Anza na mpishi na ukumbi. Waulize wanataka idadi kamili siku ngapi kabla ya shughuli, kisha rudi nyuma wiki moja, hiyo ndiyo tarehe ya kuandika kwenye kadi. Wiki hiyo ni ya kuwafuatilia walionyamaza. Kama mpishi anataka idadi siku saba kabla, kadi iseme wiki mbili kabla. Na kadi zenyewe ziwe zimefika mikononi mwa watu si chini ya wiki tatu hadi nne kabla ya siku. Kadi inayofika Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi haiwezi kuomba jibu.

Niweke namba za nani?

Watu wawili wanaopokea simu na wanaoandika. Tumezoea kuweka mwenyekiti wa kamati na mjomba mkubwa kwa heshima, na wote wawili ni watu wenye shughuli nyingi. Heshima yao ina sehemu nyingine kwenye kadi. Kwenye majibu muweke binti yule anayekaa na daftari, au kijana ambaye jedwali la kompyuta halimpi shida. Wagawieni wageni: upande wa bibi harusi kwa huyu, upande wa bwana harusi kwa yule. Hapo hata tatizo la kuhesabiwa mara mbili, lililotajwa kwenye "Kuna namba tatu. Nipige zote?", linaisha.

Tumeandika kila kitu vizuri na bado watu hawajibu.

Wafuateni mmoja mmoja. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp, "tunaomba mthibitishe jamani", kila mtu analisoma kama la mwenzake. Ujumbe wenye jina la mtu hujibiwa: "Shikamoo shangazi Rehema, mpishi anataka idadi kesho jioni. Tukuhesabu na baba, wawili?" Kwa namna hii shangazi anahitaji kuandika neno moja tu.

Gaweni orodha ya walionyamaza kwa wanakamati kulingana na ukaribu. Wazee wapigiwe simu na mtu wa rika linalofaa, si vyema kijana asiyefahamika ampigie mzee akimuuliza "unakuja au huji?". Baada ya hapo, asiyejibu mara mbili mhesabuni kuwa haji, lakini acheni akiba ndogo ya viti pembeni, kwa sababu baadhi yao watakuja.

Shughuli yetu ni ya nyumbani, kila mtu anakaribishwa. Tuweke RSVP?

Msiweke. Harusi ya kijijini ambapo sufuria zinapikwa uani na jirani anaingia bila kadi haihitaji hesabu ya namna hiyo. Vivyo hivyo kwa ndoa ya msikitini huko pwani, ambako ndugu hualikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, na aliyealikwa huonekana siku yenyewe. RSVP ina kazi pale viti na sahani vinapokuwa na idadi. Kuiweka mahali ambapo haina kazi ni kuwazoesha watu kuipuuza.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Nimepata kadi kutoka Marekani yenye kikaratasi cha majibu, na juu yake kuna "M" na mstari. Niandike nini?

"M" ni herufi ya kwanza ya vyeo vya Kiingereza: Mr, Mrs, Ms au Miss. Unamalizia cheo na kuandika jina lako kwenye mstari huo. Kisha unaweka alama kwenye kisanduku cha kukubali au kukataa, na mara nyingine cha chakula unachopendelea. Bahasha ya kurudishia kwa desturi huwa na anwani na stempu tayari, lakini stempu hiyo ni ya Marekani na haifanyi kazi Mombasa wala Mwanza. Piga picha kikaratasi na ukitume kwa barua pepe, au ujaze tovuti ya harusi kama ipo.

Kadi ya ubalozi haina RSVP, ina "P.M." Ni saa?

Siyo saa za mchana. Kwenye kadi za kidiplomasia P.M. ni *pour mémoire*, "kwa kumbukumbu". Inatumika pale ulipokwisha kualikwa kwa simu na kukubali. Kadi inakuja kukukumbusha tu. Hujibu tena. Wakati mwingine RSVP imechapwa, imekatwa kwa kalamu, na "P.M." imeandikwa juu yake.

Vifupi vingine vya familia hiyo huandikwa kwa penseli kwenye pembe ya chini kushoto ya kadi ya mtu binafsi: *p.f.* ni pongezi, *p.r.* ni shukrani, *p.c.* ni rambirambi, na *p.p.c.* huandikwa na balozi au afisa anayeaga mwisho wa kazi yake nchini. Hivi vyote havihitaji jibu la ndiyo au hapana.

Kalenda ya simu inaniuliza Ndiyo, Hapana au Labda. Hiyo pia ni RSVP?

Ndiyo, hata jina lake la ndani ni hilo. Kalenda nyingi za kompyuta hupeana mialiko kwa kiwango kiitwacho iCalendar, kilichochapishwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009. Ndani yake kila mwalikwa ana kipengele kilichoandikwa RSVP. Kikiwa kimewashwa, programu inajua kuwa mwandaaji anataka jibu, na ndipo vitufe vinakujia. "Labda" ni jibu halali kwa kikao cha kazi. Kwa chakula cha kulipiwa kwa sahani haisaidii. Fuata yaliyosemwa kwenye swali la "Inshallah".

Fundi wa mitandao amenitajia RSVP akiwa hazungumzii harusi.

Alikuwa akizungumzia kanuni ya mawasiliano ya kompyuta iliyochapishwa mwaka 1997, ambayo kifaa hutumia kuomba mtandao ukitengee nafasi kwa ajili ya sauti au video. Herufi ni zilezile, maneno yake ni ya Kiingereza na mengine kabisa. Yeye hatarajii umjibu.